Chupa Tano za Kimea

Usiku wa tisa mke wangu aliketi kitandani, akawasha tochi ya simu, akaimulika chini ya kitanda kama anayetafuta nyoka. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti ya kumaliza shauri: "Mwalimu, ama hiyo mifuko itoke humu, ama nitoke mimi."

Sikujibu upesi, maana nilikuwa macho kitambo nikijikausha. Harufu ile nilikuwa nimeisikia tangu usiku wa saba. Ilianza kama ndizi mbivu iliyosahaulika kabatini, ikapanda ikawa siki, na usiku huo ilikuwa imefika mahali ambapo jina lake halifai kuandikwa. Chini yetu kulikuwa na mifuko 20 ya majani ya migomba yaliyochemshwa, nimeipanga mistari minne kama wanafunzi wa paredi. Ilikuwa inatoa joto. Upande wangu wa godoro ulikuwa na vuguvugu kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na mimi kwa siku tatu nzima nilikuwa nimejiambia kwamba hiyo ni dalili njema.

Kilichonifikisha huko ni kijitabu. Alinipa mwalimu mwenzangu, jalada limekwisha kutoka, kurasa 16, maelezo ya kuotesha uyoga aina ya mamama nyumbani. Hapa kwetu Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, uyoga ni mboga ya mvua. Mvua za kwanza zikipiga, watoto wanarudi nao wameubeba kwenye majani, umetoka kwenye vichuguu na kwenye miti ya porini, mnaula siku mbili tatu, basi. Hakuna anayeupangia bajeti. Kijitabu kilisema unaweza kuula mwaka mzima, tena ukauza mjini kwa wenye hoteli, na kilichohitajika ni taka za shambani, pipa, mifuko na chumba chenye giza. Nilipofika hapo nikakifunga nikaanza kupiga hesabu. Huo ndio ukurasa wa 4. Ukurasa wa 11, ulioeleza mambo yanayoharibu mifuko, niliusoma baadaye sana, kwa tochi, nimekaa sebuleni peke yangu.

Jambo la kwanza kuelewa, na hili nililielewa vizuri, ni kwamba uyoga hauli udongo. Hula mmea uliokwisha kufa. Majani ya migomba, mabua ya mahindi, maganda ya maharage, majani ya mpunga, vyote kwake ni ugali. Hauchagui sana: mwaka 2008 Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa porini juu ya makapi ya mkonge, yale yanayobaki mkonge ukishakamuliwa nyuzi. Tanga wana mkonge, sisi tuna mgomba. Chakula hicho cha uyoga kijitabu kilikiita vimeng'enywa. Nilipomsomea mke wangu neno hilo aliniuliza kama linaambukiza.

Tatizo ni kwamba majani makavu ya mgomba kwetu yana wenyewe. Ndiyo matandazo ya kibanja, ndiyo ngata, ndiyo kifuniko cha chungu, ndiyo mkeka wa mgeni asiyetarajiwa. Mwenye mamlaka juu yake ni Mama, mama yangu mzazi, ambaye nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwangu na macho yake yanafika mbali kuliko hapo. Nilipoanza kuchuma alikuja akasimama.

"Unajenga?"

"Hapana, Mama. Nataka kuotesha uyoga."

Aliangalia mzigo wa majani, akaniangalia mimi, akaangalia kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya choo, ambacho kila mwaka hutupa kumbikumbi na uyoga bila kuombwa. "Mchwa hawana hata kijitabu," akasema, akaenda zake.

Alisema kweli zaidi ya alivyokusudia. Mchwa wa vichuguu ni wakulima wa uyoga wa zamani kuliko binadamu. Hubeba nyasi na majani makavu, huyatafuna, huyapitisha tumboni, kisha huyajenga kama sega ndani ya kichuguu, na juu ya sega hilo uyoga wao huota utando mweupe ambao ndio chakula cha kijiji kizima. Joto la mle ndani hukaa karibu nyuzi 30 usiku na mchana. Koga geni likichipuka wanalidhibiti. Mimi nilikuwa naanza kazi ambayo mchwa wa nyuma ya choo changu waliifanya vizuri kila siku, na sikuwauliza kitu.

Kupata pipa kulichukua wiki. Ni pipa la bati la lita 200, na lina historia. Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja na kambi ya Benaco ikazaliwa kule Ngara, nchi hii ilijaa vitu vya wakimbizi: maturubai, ndoo, mapipa, sufuria zenye ukubwa wa kuchemshia ng'ombe. Watu walirudishwa kwao Desemba 1996, vitu vingine vikabaki. Marehemu baba alilinunua pipa hilo Ngara pamoja na turubai moja, na tangu hapo Mama anakingia maji ya mvua. Alinikubalia kwa siku mbili tu, kwa sharti kwamba kutu ikitokea ni yangu.

Nilikata majani kwa panga vipande vya urefu wa kidole, kilo 15 kavu, nilizipima kwa mizani ya dukani. Majirani walipita wakiuliza mbuzi wangu wameota meno lini ya kula majani makavu. Nikayaloweka usiku kucha, asubuhi nikayaopoa, nikaongeza chokaa kidogo na pumba za mahindi. Kijitabu kilisema pumba kilo moja na nusu zinatosha. Nikaona ni uchoyo. Mtoto ukimpa uji mzito ananenepa, basi na uyoga vivyo hivyo; nikaweka kilo tano.

Kisha ikaja ile kazi ya kukamua, ambayo kama mtu atakumbuka neno moja tu katika habari hii, basi na akumbuke hapa. Unachota majani kiganja kimoja, unakaza ngumi kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, maji yametosha. Yakichuruzika, hayajawa tayari, yamwage juani kidogo ujaribu tena. Yasipotoa tone, ongeza maji. Kilo 15 za majani makavu zinataka kubaki na lita 28 hivi za maji, si zaidi, kwa sababu uyoga unapumua, na mfuko uliojaa maji hauna hewa. Pasipo na hewa hustawi wadudu wale wa uchachu.

Binti yangu wa darasa la sita alikaza ngumi, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Baba, yanachuruzika."

"Mkono wako ni mdogo," nikamwambia.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na Simba na Yanga walikuwa uwanjani. Sijitetei, naeleza tu. Nilipanga matofali chini ya pipa kwa ndani, nikatia maji chini ya matofali, nikaweka fito juu yake, nikaipanga mifuko 20, nikafunika kwa gunia na lile turubai, nikalifunga kwa mpira wa baiskeli. Moto ukawaka saa tisa. Kijitabu kinataka saa tatu za mvuke, na saa hizo huanza kuhesabiwa mvuke unapotoka kwa nguvu, si kiberiti kinapowashwa. Mimi nilihesabu tangu kiberiti. Kuni zilikuwa mbichi. Nikamwachia mwanangu wa kiume azichochee, nikaenda kwa jirani mwenye televisheni, na mtoto naye, kwa kuwa ni mwanangu, alinifuata baada ya robo saa akasimama dirishani.

Turubai lilikuwa na jasho niliporudi. Nikasema imeiva.

Kuna mtu atauliza kwa nini kuchemsha kote huko. Majani ya shambani yamebeba mbegu za koga za kila aina na bakteria wasiohesabika, nao wana haraka kuliko mamama. Ukitia mbegu ya uyoga humo bila kuyapitisha kwenye mvuke ni kama kumpeleka mtoto wa chekechea akagombee ubwabwa harusini. Mvuke unawatoa wenyeji wote, mgeni wako akute meza tupu. Mvuke wa nusu nusu, kama wangu, unaua wanyonge na kuwaachia nafasi wale sugu.

Jumapili asubuhi, Mama na mke wangu wakiwa kanisani, nilipanda mbegu. Nilizinunua chupa sita kwa mtu aliyekuwa nazo, ni mtama uliopikwa ukaoteshewa utando wa uyoga mpaka punje zote zikavaa pamba nyeupe. Nikachagua jiko la Mama, kwa kuwa ndilo lenye meza ndefu. Na juu ya meza hiyo, chini ya blanketi na majani ya migomba, kulikuwa na madumu mawili ya rubisi yanayochemka polepole kwa kelele ya mtu anayenong'ona.

Kwa msomaji wa mbali: rubisi ni pombe ya ndizi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, juisi yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa mahali pa joto, na kesho yake huwa pombe. Hamira haitiwi na mtu. Hutoka kwenye ganda la ndizi, kwenye mtumbwi, kwenye blanketi, hewani. Mama anapika rubisi tangu sijazaliwa. Hewa ya jiko lake ukiivuta kwa nguvu unaweza kuimba.

Mimi ndimo nilimofungulia mifuko yangu 20, mmoja mmoja, bila haraka.

Basi mnajua kwa nini kitanda kilinuka. Usiku ule wa tisa nilibeba mifuko yote nje, kwa kanzu ya kulalia, mbwa wa jirani wakinishangilia. Asubuhi nilipoipasua, mingine ilikuwa tope linalochuruzika, mingine ilikuwa na mabaka ya kijani kibichi kama rangi ya ukuta wa zahanati, na ndani kabisa ya mmoja kulikuwa na kipande cha utando mweupe, kama kiganja cha mtoto, kikiwa kimezungukwa. Nilikiangalia kwa muda. Kilikuwa kimejitahidi.

Nikamwaga vyote kwenye migomba. Mke wangu akafungua daftari lake la matumizi, akaandika "uyoga", akaandika fedha zote mbele yake, akapiga mstari chini. Daftari hilo halina mahali pa sababu.

Kwa wiki tatu sikutaja uyoga. Mama aliniuliza mara moja tu, mbele ya wageni, kama nimekwisha kuvuna, akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo nilipofanya kosa jingine, ambalo ni kubwa kuliko la pumba. Niliamua kurudia kwa siri.

Safari hii mbegu niliagiza Mwanza. Chupa sita zilikuja kwa basi kupitia Sengerema, Geita, Katoro na Bwanga, zimefungwa kwenye boksi la sabuni. Siku hizi basi linapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 zilizofunguliwa Juni 2025. Zamani boksi langu lingesubiri kivuko juani na mbegu ingejipika yenyewe kabla sijapata nafasi ya kuipika mimi. Ilikuwa Jumanne. Chupa zilikuwa safi, nyeupe pe ndani, zimezibwa kwa pamba mdomoni. Hazikuwa na karatasi wala jina. Zilihitaji mahali penye baridi na giza, na nyumbani kwangu kila kona inafagiliwa na mtu, kwa hiyo nikaziweka katika stoo ya Mama, nyuma ya kapu la maharage, nikalivuta kapu likazificha. Nikajiona nina akili.

Mke wangu alikuwa amekwenda Rulenge kwenye harusi ya binti wa dada yake, siku nne. Nilikuwa na uwanja wote. Na naomba niaminiwe: kazi ya safari ile niliifanya kama mtihani wa taifa. Majani niliyachagua, yenye weusi nikayatupa. Nikayaloweka, nikayamwaga juu ya turubai yakachuja maji, nikakaza ngumi mara kumi mpaka yakatoka matone matatu, nikamwita binti yangu naye akakaza, yakatoka mawili. Alinitazama kwa jicho la mkaguzi wa shule. Pumba kilo moja na nusu, si zaidi. Ijumaa jioni nikawasha kuni kavu za mwarobaini, nikasubiri mvuke utoke ukiimba pembeni mwa turubai, ndipo nikaangalia saa. Saa tatu kamili, kisha nusu saa ya nyongeza kwa ajili ya dhambi zilizopita. Mama alipita, akaona pipa linachemka, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Alikuwa na haraka, ana pombe ya Jumamosi. Nikaacha mifuko ipoe ndani ya pipa usiku kucha, kwa sababu mbegu ikikutana na majani ya moto inakufa. Mkono ukiweza kuushika mfuko bila kusikia uvuguvugu, ndipo.

Jumamosi asubuhi nilifunua. Harufu ilikuwa ya majani ya chai. Sijawahi kuandaa kitu kizuri namna ile maishani. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikaenda stoo kuchukua mbegu.

Kapu lilikuwa mahali pake. Nyuma yake kulikuwa na chupa moja.

Nilitoka nje nikizunguka kama kuku aliyepigwa jiwe. Na pale kwenye kichanja cha vyombo, zimeoshwa, zimepinduliwa, zinang'aa juani, zilikuwa chupa tano.

"Mama," nikasema. "Hizi chupa."

"Eh, nashukuru, baba," akasema, anapepeta. "Lakini nani alikufundisha kufungia kimea chupani? Kimea kinataka hewa. Kile kilikuwa kimeshikana chote, nimekigonga kwa mti mpaka kikatoka. Hicho cha mwisho kimenishinda, nikakiacha."

Nilikaa juu ya kinu. Kwa asiyejua, kimea ni nafaka iliyoloweshwa ikachipua kwa ajili ya pombe, na mtama ukichipua hutoa vijizizi vyeupe vinavyosukana mpaka punje zote zinakuwa donge moja lenye manyoya. Weka kimea hapa na mbegu ya uyoga pale, mpe mama yeyote wa Kagera mwenye haraka na macho ya miaka sabini, achague. Alikuwa ameona mtama mweupe umefichwa nyuma ya kapu lake. Alijua mwanawe anamwonea huruma baada ya mambo ya pipa, kamletea zawadi, kaona haya kuitoa mkononi. Jumatano akakitoa, Alhamisi akakianika, Ijumaa akakikaanga na kukisaga wakati mimi nimekazana na moto wangu hatua ishirini kutoka kwake.

"Kiko wapi?"

Akanyoosha midomo kuelekea mparachichi. Chini yake wazee saba walikuwa wamekaa na vibuyu, wamefika nusu ya safari. Mmoja aliniona, akainua kibuyu chake.

"Mwalimu, karibu! Leo rubisi ya mama ina harufu ya mvua."

Nilionja, ningefanya nini? Mbegu ilikwisha kufa kikaangoni, kwa hiyo haikuwa na dhara kwa mtu. Na nitasema ukweli: ilikuwa nzuri. Nyepesi, yenye uchungu kidogo mwishoni. Chupa tano kwa shilingi 5,000 kila moja, bila nauli, ilikuwa ghali kuliko bia ya kiwandani, na wazee walikuwa wanailipia kwa bei ya kawaida.

Nilimweleza Mama. Alinyamaza kwanza. Kisha akaongea Kisubi, lugha anayoirudia akikasirika, kwa kasi ambayo hata mimi mwanawe sikuyapata maneno yote. Nilichopata ni kwamba mtu akificha kitu kwenye stoo ya mwanamke asilalamike kikigeuka chakula. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini, akajifuta machozi kwa kanga. Alipomaliza akawa mtu mwingine.

"Hiyo mifuko ya kwanza uliipandia wapi?"

"Jikoni kwako."

"Jikoni!" Alinitazama kwa huruma halisi. "Mle kuna rubisi ya miaka arobaini. Ukuta wenyewe umelewa."

Kile ambacho kijitabu kilitumia kurasa tatu kukieleza, na mimi nisikisikie, alikuwa amekimaliza kwa pumzi moja. Kazi yake ya kila wiki ni kukaribisha hewani wale wale ninaowafukuza mimi. Anajua wanakaa wapi, wanapenda joto gani, wanaingia kwa mlango upi. Nimekumbuka tangu siku hiyo kwamba Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokuwa wanakusanya habari za uyoga unaoliwa Tanzania, walizunguka vijijini wakiwauliza wenyeji. Kitabu chao na mwenzao Tuomo Niemelä kilitoka Helsinki mwaka 2003. Mimi nilikuwa na mwenyeji hatua ishirini, nikauliza kijitabu.

Aliamuru tupandie chumbani kwake, ambamo ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya Krismasi. Dirisha likafungwa. Alibadilisha nguo, zile za pombe akazitundika nje mbali. Tukanawa kwa sabuni, kisha kwa spiriti. Akakataza kuzungumza, akaniambia midomo yangu inatosha peke yake kuchachusha pipa. Chupa moja ilitosha mifuko minne: majani kidogo, punje pembeni, majani tena, punje tena, na juu kabisa punje za kufunikia, kisha shingo ya mfuko ikafungwa na pamba ndani yake. Ndizi haikuruhusiwa kuingia chumba kile kwa wiki tatu, hata ya kula.

Mifuko 16 iliyobaki, ile iliyoiva vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya, ilikaa bila mbegu. Chakula kile hakisubiri. Kufika Jumatano ilikuwa imepata wageni wa kijani, nikaimwaga kwenye migomba. Mbuzi walinusa wakaondoka.

Mke wangu alirudi kutoka Rulenge akamkuta mama mkwe wake amekaa mlangoni mwa chumba chake, anamzuia mjukuu mwenye ndizi mkononi asipite. Aliuliza kuna nini. Mama akamwambia, "Uyoga," kwa sauti ya mtu aliyelianzisha jambo mwenyewe. Mke wangu hakufungua daftari siku ile.

Siku ya 23 mifuko yote minne ilikuwa myeupe kuanzia juu hadi chini, imekaza kama sabuni ya mche, inanuka uyoga. Tukaipasua pembeni, tukaihamishia kwenye kibanda cha nyasi chenye mwanga kidogo, tukainyunyizia hewa yake maji asubuhi, mchana na jioni. Siku ya 28 vikatokea vichwa kama vya pini. Kuanzia hapo ni kama vile mtu anavuta: jioni ukiviacha vya ukubwa wa kifungo cha shati, asubuhi unakuta masikio. Kwa kila kilo ya majani makavu, mtu aliyetunza vizuri anategemea kati ya nusu kilo na kilo nzima ya uyoga mbichi kwa mavuno yote. Mifuko yangu minne, mkupuo wa kwanza, ilitoa kilo 1 na robo.

Tuliupika kwa karanga. Mama alitenga bakuli moja kabla hatujagusa, akalifunika kwa jani, akampa binti yangu alipeleke kwa wale wazee wa mparachichi, kwa madai kwamba nusu ya mbegu wanayo wao.

Chupa zinazokuja sasa nazichorea uyoga ubavuni kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa Mama hasomi. Binti yangu anasema michoro yangu inafanana na miavuli. Na Jumamosi iliyopita yule mzee wa kibuyu alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa adabu zote, lini naagiza tena kimea cha Mwanza.